Dhahabu ya kwenye gemu nayo inachimbwa kwa jasho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo nimelibeba moyoni karibu mwezi sasa na nikilinyamazia nitakuwa sijamtendea haki mdogo wangu. Mlitoa makala ya vijana kujiajiri mtandaoni, nzuri tu kwenye mambo ya kuuza nguo na kufundisha wageni Kiswahili, ila mlipofika kwenye magemu mkaandika kama mistari mitano hivi kwamba kuna vijana duniani wanavuna dhahabu kwenye magemu ya mtandaoni wanaiuza kwa dola, na kwamba kijana mwenye simu na bando hana sababu ya kukaa kijiweni. Basi, mkahamia kwingine. Dogo wangu aliikata ile makala akaibandika ukutani juu ya kitanda chake, na yaliyofuata nimeyaona kwa macho yangu, kwahiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Kwanza nisieleweke vibaya, mimi sio mtu wa kusema gemu ni upotevu. Mimi mwenyewe nacheza. Gemu yetu inaitwa Old School RuneScape, ni ya kampuni ya Jagex ya kule Cambridge Uingereza, RuneScape yenyewe ilianza Januari 2001, hii ya Old School, yani toleo lake la zamani lililorudishwa, ikafunguliwa Februari 2013, na tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu, tena simu ya kawaida kabisa, haihitaji mashine ya bei mbaya. Ni dunia nzima humo ndani. Unakata miti, unavua samaki, unafua vyuma, unapigana na madude, na kila dude ukiliua linaangusha kitu chini, hicho ndo tunaita luti, halafu kuna soko kubwa moja ambapo wachezaji wa dunia nzima wanauziana hizo luti kwa dhahabu. Bei inapanda inashuka kama ya nyanya vile. Mtu akipata kitu adimu anaandika kwenye chati kwa herufi kubwa na watu msiojuana, mmoja yuko Poland mwingine Brazil mwingine Sakina hapa Arusha, mnampongeza kwa pamoja. Napenda hicho kitu sana na sioni aibu kusema.

Sasa dogo. Kamaliza form four, anasubiri matokeo, kasoma makala yenu, kaniomba simu yangu ya zamani. Kazi aliyochagua ni ya majoka ya kijani. Hao wanakaa Wilderness, ni nyika iliyoko kaskazini mwa ramani ambako mchezaji mwingine anaruhusiwa kukuua, na ukifa unabaki na vitu vitatu tu, vingine vyote anaondoka navyo aliyekuua. Joka ukimuua anaangusha mifupa na ngozi, kila mara, hakosi. Mifupa inanunuliwa na wachezaji wanaopandisha skili (ujuzi wa mhusika wako kwenye gemu) ya maombi, ngozi inashonwa magwanda ya wapiga upinde. Begi lako lina nafasi 28 na ngozi hazipangwi juu ya nyingine, kila ngozi inataka nafasi yake na kila mfupa nafasi yake, sasa toa na za chakula (dogo alikuwa anabeba kambakochi, mmoja anarudisha uhai 12) utaona safari moja unaua majoka kumi, ukijitahidi sana kumi na mbili, halafu unakimbilia benki ya humohumo kwenye gemu kuweka mzigo, roho ikiwa mkononi kwasababu muda huohuo kuna mtu kajibanza mahali anasubiri begi lako lijae ndo atokee. Na lazima uwe na ngao ya kuzuia moto. Siku ya kwanza dogo aliisahau, alikufa kabla hajaelewa kimemchoma nini.

Alikuwa na daftari la hesabu, lile la miraba. Kila joka mstari mmoja, ikifika minne wa tano anaukata kwa mshazari, pembeni anaandika saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Hilo wazo nilimpa mimi, nilimwambia kama kweli unaiita kazi basi iandike kama kazi.

Hesabu zikawa hivi. Kwa bei za kipindi kile joka mmoja, mifupa na ngozi pamoja, alikuwa anatoa kama dhahabu elfu 4. Kwa kucheza kwenye simu, na kukimbia benki, na kufa mara mojamoja, alikuwa anaua kama 60 kwa saa. Kwahiyo milioni moja inataka majoka 250, masaa manne na ushee. Na hiyo milioni moja huko nje ya gemu, kwa wanunuzi wa hela halisi, ilikuwa kama robo dola. Robo dola Mhariri! Shilingi mia sita na kidogo. Yani kijana kainamia simu masaa manne, shingo imekakamaa, hajapata hata hela ya chipsi kavu.

Na hapo bado. Majoka wale wako upande wa wanachama, lazima uwe unalipia. Njia halali ya kulipia bila kutoa hela mfukoni ni bondi, yani mtu mwingine ananunua bondi kwa kampuni kwa hela halisi, anaiuza sokoni kwa dhahabu, wewe ukiinunua inakupa uanachama wa siku 14. Kipindi kile bondi ilikuwa inacheza kwenye milioni 12. Hiyo ni masaa 50 ya majoka. Dogo akawa anacheza masaa 50 kwa wiki, asubuhi mpaka jioni kama mtu aliyeajiriwa, wiki ya kwanza anaitumikia bondi, wiki ya pili ndo ya kwake, inayofuata anarudi kwenye bondi. Alienda hivo wiki kumi. Mama anamwita chakula anasema subiri mama nimebakiza safari moja. Ukija kujumlisha ni masaa 500, milioni 120 zimepita mkononi mwake, milioni 60 zimeliwa na bondi na 60 zimebaki. Kwa bei ya soko milioni 60 ni dola 15, na kwa dola ya shilingi 2,500 ukigawa kwa masaa 500 unapata shilingi 75 kwa saa. Bando sijatoa.

Najua namba kubwa zipo na sisemi ni za uongo. Mwaka 2001 mchumi wa Marekani Edward Castronova alikokotoa kwamba mchezaji wa gemu ya EverQuest anazalisha thamani ya dola 3.42 kwa saa, na watu wanairudiarudia hiyo mpaka leo. Mwaka 2008 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester akakadiria kwamba wavunaji dhahabu duniani wanafika laki nne, wengi wao China, kipato cha wastani dola 145 kwa mwezi. Ila muulize aliyekaa kwenye kiti anapata nini. Kule Nanjing, China, mwaka 2007 kulikuwa na karakana za vijana wanaocheza gemu ya World of Warcraft kwa zamu ya masaa 12, usiku kucha. Kwa kila sarafu 100 kijana analipwa kama dola 1.25, bosi wake anaziuza dola 3 au zaidi kidogo, na yule mteja wa mwisho kule Marekani analipa mpaka dola 20. Sarafu ni zilezile hazijaongezeka hata moja, zimepita tu mikononi mwa watu.

Sisi wa huku hiyo habari hatuhitaji kwenda China kuijua. Mjomba wangu alikuwa mwanaapolo, yani mchimbaji wa tanzanaiti, Mererani miaka kumi na mbili. Wanaomfahamu mwanaapolo wanajua, hana mshahara, analishwa na mwenye shimo, anashuka chini akiomba jiwe litoke ndo apate mgao, na jiwe likitoka anaambiwa bei na dalali kwasababu yeye mwenyewe hajui bei ya Arusha mjini achilia mbali ya Jaipur kule India linakoenda kuchongwa. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer alipouza yale mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 magazeti yote mliandika, na mlikuwa sahihi, ni habari ya kuandikwa. Ila wiki ileile vijana wangapi waliacha mashamba wakapanda gari la Mererani, na ni wangapi walirudi na kikohozi tu, hao hawakupata ukurasa.

Na nikwambie kitu Mhariri ambacho wengi hawakijui. Kwenye hii gemu yetu kuna bosi mmoja, yani dude gumu kuliko madude ya kawaida, nyoka mkubwa anaitwa Zulrah, aliingizwa Januari 2015, na moja ya luti zake adimu ni jino linaloitwa tanzanite fang. Jino la tanzanaiti! Jina la jiwe linalopatikana kwenye vilima vya Mererani tu dunia nzima, liko kwenye mdomo wa nyoka wa gemu ya Waingereza. Kulipata ni bahati, kwa wastani unaweza kumuua nyoka yule mara 500 ndo uliambulie moja. Siku ya kwanza naliona kwenye skrini nilimwita mjomba aje aangalie, akacheka, akaniambia kule kwao mgodini "nyoka" lilikuwa jina la watoto waliokuwa wanatambaa kwenye vitundu ambako mtu mzima hapiti. Halafu akanyamaza. Mpaka leo nikiingia kwa Zulrah hilo neno linanijia.

Na kati ya waliokuwa wanamchuna sana yule nyoka walikuwepo Wavenezuela. Hawa ndo hasa ningetaka muwaandike siku moja. Nchi yao pesa ilikufa, bolivari ikawa karatasi, mshahara wa kima cha chini ukashuka mpaka dola chache kwa mwezi, sasa wale kwao hata hiyo hela ndogo ya kuuza dhahabu ilikuwa unga na mafuta ya kula. Walijazana kwa majoka ya kijani, walijazana kwa Zulrah, usiku na mchana, kompyuta mbovu, umeme wa kubahatisha. Mwaka 2017 kuna mchezaji aliandika mpaka mwongozo wa jinsi ya kuwawinda pale kwa majoka, kwamba wako wapi, wanaongea lugha gani, uwaueje wapoteze mzigo. Machi 2019 umeme ulipokatika karibu nchi yao nzima kwa siku kadhaa, wale watu hawakuwepo, waliokuwa kazini leo kesho hawaonekani. Mimi nilikuwa nacheza nikiwaua kipindi cha nyuma, sikujua. Nilikuwa naona ni mtu tu kasimama na begi limejaa. Nikija kufikiria kwamba lile begi lilikuwa chakula cha jioni cha mtu roho inaniuma kwa kweli.

Nirudi kwa dogo. Baada ya wiki kumi akapata mnunuzi kwenye kundi la Telegram, akaahidiwa dola 50 kwa milioni 60. Hapo mimi nilikuwa safarini, ningekuwepo ningemwambia bei inayozidi ya soko mara tatu ni ndoano hiyo, ni ndugu wa wale wanaosimama sokoni ndani ya gemu kutwa nzima wakitangaza nipe dhahabu nikurudishie mara mbili, ni upatu uleule wa panda mbegu uvune tuliouona na DECI mwaka 2009. Wakakutana ndani ya gemu, dirisha la kubadilishana likafunguka, dogo akaweka milioni 60 zote upande wake, upande wa yule hakuna kitu kwasababu malipo yalikuwa yaje kwenye simu. Ile gemu inakuuliza mara mbili kama umekubali. Alibonyeza ya kwanza, akabonyeza ya pili. Kisha akakaa kusubiri meseji ya muamala mpaka saa nane usiku. Asubuhi namba haipo, kundi kaondolewa.

Tulienda kituoni. Sitaji kituo gani, na askari aliyetupokea alitupokea kwa heshima, ila alipoelewa ni dhahabu gani inayozungumzwa alicheka, akamwita na mwenzake aje asikie, kijana kaibiwa dhahabu ya kwenye simu. Dogo alisimama pale na lile daftari lake kalikumbatia kifuani hakulifungua hata ukurasa mmoja. Nimeumia kuliko siku zote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, udanganyifu wa mtandaoni umo ndani yake, lakini nani anashughulika na kitu anachokiona mchezo.

Uholanzi hawakucheka. Kule Leeuwarden mwaka 2007 vijana wawili walimpiga mtoto wa miaka 13, wakamtishia kwa kisu, wakamlazimisha aingie kwenye akaunti yake ya RuneScape, gemu ileile, aangushe chini kidani na kinyago chake wao wakaviokota. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, na tarehe 31 Januari 2012 ikasema huo ni wizi. Vile vitu havishikiki, lakini vina thamani kwa aliyenavyo kwasababu ametumia muda na juhudi kuvipata, na vilikuwa chini ya mamlaka yake akanyang'anywa. Muda na juhudi, Mhariri. Dogo wangu muda na juhudi vimeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kurasa thelathini na kitu.

Najua mtauliza kwanini hakulalamika kwa wenye gemu. Hakuweza. Kuuza dhahabu kwa hela halisi kumekatazwa kwenye masharti unayokubali siku unajiunga, ukienda kusema nimetapeliwa kwenye kuuza dhahabu umejichongea mwenyewe, akaunti inafungiwa na masaa yote yamo humo. Na sababu ya katazo naielewa. Wauza dhahabu wakubwa walikuwa wanaiba akaunti za watu, wanafungua uanachama kwa kadi za benki za wizi, wanajaza roboti, yani programu zinazocheza zenyewe, zinazokata miti usiku kucha mpaka mchezaji wa kawaida hana pa kusimama. Desemba 2007 na Januari 2008 Jagex waliondoa mapigano ya Wilderness na wakabana biashara huru kati ya wachezaji kwasababu hiyo, wachezaji wakaandamana humohumo ndani ya gemu, na havikurudi mpaka Februari 2011. Tangu Desemba 2021 wakaweka na kodi kwenye mauzo ya sokoni kupunguza dhahabu iliyozagaa. Ni uchumi kabisa ule, unasimamiwa, ila mvunaji anayeuza nje yuko upande usio na msimamizi wala wa kumtetea, ndani ni mkosaji, nje anachekwa. Hilo ndo mngewaambia vijana kabla ya habari ya dola.

Hata pale wenye gemu walipofungua mlango wa hela halisi wenyewe haikwenda vizuri. Kampuni ya Blizzard waliweka soko la hela halisi ndani ya gemu yao ya Diablo III mwaka 2012, Machi 2014 wakalifunga kwasababu watu waliacha kuua madude kutafuta luti, wakawa wananunua tu, na gemu ikapoteza kiini chake. Kwenye Axie Infinity, gemu ya Vietnam inayolipa kwa sarafu ya mtandaoni, mwaka 2021 Wafilipino kibao waliingia wacheze walipwe, mwenye mtaji anakukopesha wanyama wa kuchezea mnagawana mavuno, sarafu yake ikaja kuporomoka mpaka chini ya senti moja na Machi 2022 wezi wakaingia kwenye mfumo wao wakaondoka na zaidi ya dola milioni 600. Na 2024 hapahapa kwetu nusu ya mtaa ilikuwa inagonga skrini ya Hamster Kombat, ile gemu ya Telegram, wakitegemea sarafu yake itawalipa, mmeona wenyewe.

Ninachowaomba ni kwamba mkiandika tena habari za gemu na hela, mtafuteni mtu aliyefanya. Msiwaandikie vijana kama vile dhahabu ile inaokotwa, na msiiandike kama utoto pia, maana makala ya dola rahisi na kicheko cha pale kituoni kwangu mimi ni kitu kimoja, vyote viwili havikuona kwamba kuna mtu amekaa masaa 500 anafanya kazi. Muiweke bei ya milioni, muiweke bei ya bondi, muandike kwamba kuuza nje ni kuvunja masharti na hakuna wa kukusaidia ukiibiwa. Mzazi akisoma ajue cha kumuuliza mwanae, na askari akisoma pia ajue.

Dogo matokeo yametoka, kapata nafasi ya chuo cha ufundi, anaanza mwezi ujao. Gemu bado anacheza, saa moja usiku baada ya kula, majoka kaachana nao anavua samaki tu na kupiga stori na jamaa mmoja wa Maracaibo kule Venezuela anayejifunza kusema "mambo vipi". Nimemuuliza kama yuko tayari kuongea na mwandishi wenu, amesema yuko tayari. Ile makala yenu kaibandua ukutani, ila lile daftari analo kwenye begi, mkitaka kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa njooni, jioni tupo.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha